Elimu ya Vimelea Isizikwe Hai

Katika kikao kimoja cha kupanga mtaala, katika chuo kikuu ambacho sitakitaja jina, iliamuliwa kwa kura kwamba majuma matatu ya mafunzo ya nje katika kozi ya vimelea yafutwe, na saa za maabara ya hadubini zipunguzwe kwa nusu, ili nafasi ipatikane kwa kozi mpya ya baioteknolojia. Nilikuwa mmoja wa wachache walioinua mkono kupinga. Bwana mmoja, mtu mwenye elimu kubwa na adabu njema, alinigeukia akasema kwa upole kwamba hadubini ni kifaa cha makumbusho, na kwamba apendaye kuhesabu mayai ya minyoo akatafute kazi zahanati. Wajumbe walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu maneno yale yalikuwa na utamu wake. Lakini nilipofika nyumbani utamu uligeuka shubiri, na makala haya ndiyo jibu ambalo sikuwa nalo siku ile.

Sipendi nidhaniwe adui wa elimu mpya. Atakayeikataa baioteknolojia leo atakuwa ndugu yake yule ambaye angeikataa hadubini mwaka 1681, Leeuwenhoek alipoona katika kinyesi chake mwenyewe viumbe wasioonekana kwa jicho tupu. Orodha ya jeni za Plasmodium falciparum, kimelea kikali kuliko vyote vya malaria, ilitangazwa mwaka 2002. Ya kimelea cha malale na ya kimelea cha ndigana kali ya ng'ombe zilifuata mwaka 2005. Hizo ni kazi kubwa, na kijana wa Afrika ya Mashariki asiyefundishwa kuzisoma ameibiwa haki yake. Ninalolipinga ni hesabu moja mbovu: ile isemayo kwamba elimu hizi mbili ni kama shamba moja linalogombewa na ndugu wawili, mmoja akipata ekari sharti mwingine apokonywe, kwamba ajuaye kusoma jeni hana haja tena ya kumjua mwenye jeni hizo.

Nitaanza na konokono, maana konokono ni mwalimu mzuri wa unyenyekevu. Kichocho cha mkojo katika Unguja na Pemba huletwa na mnyoo aitwaye Schistosoma haematobium, ambaye hawezi kutoka kwa mtu mmoja kumfikia mwingine bila kwanza kulelewa ndani ya konokono wa maji baridi. Konokono hao ni wa ukoo wa Bulinus, na visiwani wako wawili wanaofanana mno: Bulinus globosus na Bulinus nasutus. Wa kwanza humpokea mnyoo na kumlea mpaka atoe maelfu ya viluwiluwi vyenye mkia uliogawanyika, ambavyo humwingia mtu kwa kupenya ngozi. Wa pili, huko visiwani, hampokei. Kaskazini na katikati ya Unguja ndiko aliko globosus, na ndiko watoto wengi walikokuwa wakikojoa damu; kusini aliko nasutus maradhi hayo yalikuwa haba. Tofauti ya maisha ya watoto wa mkoa mmoja na wa mwingine ilikaa ndani ya kigamba kisichozidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba.

Sasa mtazame mtu aliyetumwa na dawa ya kuua konokono. Madimbwi ni mengi, dawa ni ghali, tena huua samaki. Apulize wapi? Akitegemea umbo la gamba peke yake atakosea, kwa kuwa maumbo ya wawili hawa huingiliana. Tangu miaka ya 1990 vipimo vya vinasaba vimewatenganisha pasipo utata. Zaidi ya hayo, katika miaka ya karibuni vipimo hivyo hivyo vimeonyesha kwamba baadhi ya viluwiluwi vinavyotoka katika konokono wa Pemba si vya kichocho cha watu. Ni vya Schistosoma bovis, mnyoo wa ng'ombe. Kwa hadubini viluwiluwi vya namna hizi mbili havitofautiki. Hapo baioteknolojia yastahili sifa, nami naitoa kwa mikono miwili.

Lakini na tuulize: mashine ile ililetewa na nani konokono wake? Alikuwako mtu aliyeingia dimbwini na chujio, akajua ni upande gani wa majani ya yungiyungi konokono hupenda kushika, akawabeba bila kuwaua, akawaweka mmoja mmoja katika kibakuli cha maji safi penye mwanga, akangoja. Viluwiluwi vya kichocho cha watu hutoka mchana, jua likiwa kali, saa ambazo watoto huwa majini. Asiyejua saa hiyo atawatupa konokono wake asubuhi na kuandika kwamba hawana kitu. Na swali lenyewe, lile la kwa nini konokono wa huku huambukiza na wa kule haambukizi, halikuzaliwa ndani ya mashine. Lilizaliwa katika kichwa cha mtu aliyekwisha kutazama vibakuli vingi hata akashangaa. Kozi ya majuma matatu iliyofutwa kwa kura ndiyo iliyokuwa ikifundisha kushangaa huko.

Hoja yangu ya pili yahusu malaria. Kipimo cha haraka, kile kijiti cha plastiki kinachotumika leo katika zahanati zetu, ni mtoto halali wa baioteknolojia. Vingi katika vijiti hivyo hutafuta protini moja itolewayo na Plasmodium falciparum, ijulikanayo kwa herufi HRP2. Tone la damu, dakika kama kumi na tano, mistari miwili, na mgonjwa hupewa dawa. Vimeokoa watu wengi sana mahali pasipo na umeme wala mtaalamu. Hata hivyo kijiti hujibu swali aliloulizwa, basi; hakiulizi la kwake. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba huko Peru, katika bonde la Amazon, vimo vimelea vilivyopoteza jeni ya protini hiyo. Vinaishi, vinazaliana, vinamtia mtu homa, na kijiti hakivioni. Baadaye mambo hayo hayo yakaonekana karibu nasi. Nchini Eritrea wagonjwa walikuwa na vimelea wazi chini ya hadubini, ilhali kijiti kilisema hawana. Vipimo vya jeni vikathibitisha sababu, na mwaka 2016 nchi hiyo ikabadili aina ya vijiti vyake. Shirika la Afya Duniani sasa hushauri kwamba vimelea vinavyokwepa namna hiyo vikizidi asilimia 5, nchi iachane na vijiti vinavyotegemea HRP2 peke yake.

Msomaji aitafakari habari hiyo. Ni nani aliyepiga yowe? Ni mtu aliyekuwa angali akipaka damu kwenye kioo, akaitia rangi ya Giemsa, akainama. Angalikuwa amekwisha kufukuzwa kwa sababu kazi yake ni ya makumbusho, kijiti kingaliendelea kusema uongo, na waliokufa wangeandikiwa homa nyingine.

Hata chanjo ya malaria, ambayo ni fahari kubwa ya baioteknolojia katika zama zetu, ilisimama mbele ya hakimu huyo huyo. Ile ya kwanza, RTS,S, hutengenezwa kwa kuunganisha kipande cha protini ya kimelea na protini ya kirusi cha homa ya ini, ndani ya hamira. Majaribio yake makubwa yalifanyika kati ya mwaka 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, Bagamoyo na Korogwe vikiwamo, kwa watoto zaidi ya 15,000. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza. Je, ilijulikanaje kwamba mtoto huyu ameugua malaria na huyu hakuugua? Kanuni kuu ilikuwa homa pamoja na vimelea zaidi ya 5,000 katika ujazo wa milimita moja mchemraba ya damu. Na vimelea hivyo vilihesabiwa na watu, kwa macho, kwenye vioo. Kazi ile aliyoitania bwana wangu wa kikaoni ndiyo iliyokuwa mizani ya chanjo hiyo.

Niliwahi kuitwa kumtahini mwanafunzi wa shahada ya uzamili, katika chuo ambacho nacho nitakiacha bila jina. Tasnifu yake ilikuwa juu ya kutambua kichocho kwa vinasaba katika mkojo wa watoto wa shule. Ilikuwa kazi safi, picha zake nzuri, hesabu zake hazina kasoro. Mezani palikuwa na hadubini. Nikaweka chini yake kioo chenye yai la mnyoo ule aliouandikia kurasa themanini, yai refu lenye mwiba mwishoni, ambalo kwa kawaida mtu akiliona mara moja halisahau. Kijana akatazama kwa muda. Akasema ni kiputo cha hewa.

Sikucheka, wala mwenzangu hakucheka. Tulimwomba atuletee masalio ya mikojo aliyoyahifadhi, tukakaa naye alasiri nzima. Katika chupa nne ambazo orodha yake ilisema hazina kichocho tulikuta mayai. Kosa halikuwa uvivu wake. Mkojo wenyewe huweza kuwa na vitu vinavyokizuia kimeng'enya cha mashine kisifanye kazi, na ajuaye hadubini hutia shaka mapema, kwa sababu huwa na jicho la pili la kulinganishia. Yeye hakupewa jicho hilo. Katika chuo chake kozi ya vimelea ilikuwa imekunjwa ikawa mihadhara sita. Watoto wanne wenye mikojo ile walikuwa wamekwisha kuambiwa, pamoja na wazazi wao, kwamba ni wazima. Ilibidi mtu arudi kijijini kuwatafuta. Wawili walipatikana, wawili walikuwa wamehama na wazazi wao.

Kijana alifaulu mtihani, na kwa haki, maana hatukuweza kumhukumu kwa kutojua alichonyimwa. Aliyeanguka siku ile hakuwamo katika orodha ya watahiniwa.

Walio upande wa pili wana hoja, nami sitazipita kando. Husema kwanza kwamba kozi ya vimelea ilikuwa ya kuchosha. Ni kweli, na hapa sina wa kumlaumu isipokuwa sisi tulioifundisha. Tuliwapa vijana mizunguko ya maisha ya minyoo kama mtu ampaye kasuku maneno: yai, kiluwiluwi, konokono, mtu, na mishale ikizunguka ubaoni, tukawataka wairudishe mishale hiyo siku ya mtihani, na aliyeirudisha yote alipata alama ya juu hata kama hajawahi kugusa konokono. Tuliwauliza majina ya Kilatini ya viumbe wasiopatikana katika bara letu, tukawaacha bila kujua mdudu aliye nyuma ya bweni lao. Kozi iliyofundishwa hivyo ilistahili kushindwa katika kura. Walakini nyumba inayovuja huezekwa upya. Mwenye akili haibomoi halafu akalala nje.

Husema pili kwamba wanafunzi wenyewe hawaitaki, kwa kuwa neno baioteknolojia likiandikwa kwenye cheti lanukia mshahara, ilhali neno vimelea lanukia choo. Simlaumu kijana atafutaye riziki. Lakini ni wajibu wa chuo kumwambia ukweli ambao tangazo la kozi halimwambii: mashine hizi hula. Hula dawa za gharama zitokazo ng'ambo, zisafirizwazo katika barafu, na ruzuku iliyozileta ikikoma, nazo hukoma. Nimeiona kwa macho yangu mashine ya thamani kubwa imetandikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake birika la chai. Hadubini yenye kioo cha kurudisha mwanga hufanya kazi kwa jua la Mwenyezi Mungu, na jua hatujaanza kuliagiza. Mhitimu ajuaye vyote viwili ataajiriwa siku mashine inapofanya kazi na siku isipofanya.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, yaani kwamba maradhi yanapopungua hadubini hushindwa. Hii nakubali bila ya masharti. Huko Zanzibar, baada ya juhudi za miaka 2012 hadi 2017 za kugawa dawa kwa watu wote, kuua konokono na kuwafundisha watoto, kichocho kimepungua mno. Na palipo na mayai machache, mililita 10 za mkojo zilizochujwa huenda zisiwe na hata moja. Hapo vinasaba hutangulia. Lakini kupungua huko kulijulikana kwa kulinganisha na hesabu za mayai zilizotangulia. Na mtu atakayekwenda kutafuta dimbwi la mwisho lenye konokono wa mwisho hataliona akiwa amekaa mbele ya kompyuta.

Niruhusiwe hapa habari moja ya wafugaji, kwa kuwa elimu hii si ya watu peke yao. Ndigana kali, iletwayo na Theileria parva na kuenezwa na kupe wa masikio, imemaliza ndama wasiohesabika toka Kenya mpaka Malawi. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Muguga, karibu na Nairobi, waliokuwa wakifanya kazi chini ya shirika la pamoja la Afrika ya Mashariki, walibuni kinga ambayo ukiisikia waweza kudhani ni uganga. Waliwalisha kupe damu ya ng'ombe wagonjwa, wakangoja vimelea vikomae ndani ya tezi za mate, wakawasaga kupe wale, wakaugandisha mchuzi wao katika naitrojeni ya maji; kisha wakamchoma ndama sindano ya mchuzi huo pamoja na sindano ya oksitetrasiklini idumuyo mwilini, ili augue kidogo, apone, na asiugue tena. Kinga hiyo ya kupe waliosagwa bado inatumika. Wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini ya Tanzania huilipia kwa fedha zao, na sasa hutengenezwa Lilongwe. Jeni zote za kimelea chake zimekwisha kusomwa tangu mwaka 2005. Chanjo ya kutengenezwa kwa jeni imetafutwa kwa zaidi ya miaka 30, na natumaini itapatikana, maana ya kupe ni taabu kuibeba na gharama yake si ndogo. Haijachukua nafasi yake bado. Ikipatikana, itajaribiwa kwa kupe; na mtu wa kuwafuga kupe hao, kuwapasua na kuzihesabu tezi zao atatoka darasa gani?

Baioteknolojia yenyewe, kwa hakika, ni mjukuu wa watu waliotoka nje. Kimeng'enya kilichoirahisisha kazi ya kuzidisha vinasaba, kazi aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983, kilitoka kwa bakteria aliyeokotwa na Thomas Brock miaka ya 1960 katika chemchemi za moto za Yellowstone, wakati ambapo hakuna aliyejua angefaa nini. Brock alitaka tu kujua ni nini kinachoishi katika maji ya moto vile.

Mafunzo ya nje yana faida nyingine ambayo haimo katika hati yoyote ya mtaala. Twafundisha kwa Kiingereza. Kijana huhitimu na neno refu la kitaalamu kwa kila ugonjwa, kisha siku ya kwanza kijijini asimama mbele ya mama mwenye mtoto, na hana namna ya kumuuliza. Yule mama anajua kichocho, safura, matende, tegu. Anajua tofauti ya mkojo wenye damu mwanzoni na wenye damu mwishoni, na hili la mwisho ndilo hasa tabibu wa kichocho atakalo kulisikia. Nimewaona wanafunzi wakijifunza mengi kwa akina mama hao katika siku tatu, baada ya kuwasalimu vizuri na kuketi mkekani.

Basi sitaki kura ibatilishwe ili tuirudie kozi ya zamani kama ilivyokuwa. Nataka kozi moja yenye miguu miwili. Mwanafunzi aende dimbwini na kuchota konokono wake. Amtambue kwa gamba, aandike dhana yake. Amweke juani na kutazama kinachotoka. Kisha arudi maabara achukue kipande cha nyama yake, asome vinasaba, na aone kama dhana yake ilikuwa kweli au la. Afanye vivyo kwa damu na kwa mkojo: kioo kwanza, mashine baadaye, na majibu mawili yasipopatana asiruhusiwe kuondoka mpaka ajue kwa nini. Majuma matatu yatatosha, na gharama yake ni basi, chakula na mabuti ya mpira.

Mtaala ule utapitiwa tena. Nimeomba kwa barua kwamba safari hii kikao kiketi maabara badala ya ukumbini, na kwamba kila mjumbe, kabla ya kuinua mkono, apewe kioo kimoja chini ya hadubini na aandike kwenye karatasi kilichomo. Barua yangu bado haijajibiwa.